Kadi Ilikuwa Nzima: Kerneli 6.5 na Studio ya Mwanga

Kisa hiki ni cha kompyuta moja ya studio ya video iliyoko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mapema mwaka 2024 iliwashwa asubuhi ikaja na skrini yenye maandishi manene, madirisha hayaenei, na Kdenlive, programu ya kuediti video, inagoma kutoa video kwa kutumia kadi ya grafiki. Kabla mimi sijaitwa, hukumu ilikuwa imeshatoka: umeme ulikatika usiku, kadi imeungua, iagizwe nyingine Kariakoo ije na basi. Hukumu hiyo naisikia mno. Mji huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi, watu wakazoea kuona vifaa vikifa kwa umeme, kwa hiyo umeme ndio mshtakiwa wa kwanza kila kitu kinapoharibika. Safari hii haukuhusika.

Mashine yenyewe ni desktop ya mtumba, zile za maofisini, Core i7 ya kizazi cha nne, RAM GB 16, na ndani yake imepachikwa GeForce GTX 1050 Ti ya GB 4. Aliyeichagua kadi hiyo alijua anachofanya. Desktop za ofisi zina pawa saplai ndogo zisizo na waya wa ziada wa kulisha kadi, na 1050 Ti, iliyotoka 2016, inakula wati 75 tu ambazo inazipata zote kwenye sloti ya ubao mama. Tena ina NVENC, sehemu maalumu ndani ya chipu inayofunga video za H.264 na H.265 bila kuichosha prosesa. Kuna wanaonunua GT 1030 kwa kuwa bei yake iko chini na jina linafanana. Ile haina NVENC kabisa, na kwa studio ya harusi hiyo ni pesa iliyotupwa.

Mfumo ni Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux. Bosi aliachana na Windows baada ya kuchoshwa na flash za wateja, ambazo huja zikiwa zimeshazunguka steshenari zote za mjini na virusi vyao vya kugeuza mafolda kuwa shotikati.

Sasa mtiririko wa mambo, kama nilivyoupata kwa kumuuliza kijana anayeediti na kwa kusoma kumbukumbu za mashine, ambazo mara nyingi zina ukweli kuliko maelezo ya mdomo. Draiva ya Nvidia, yaani programu inayoiwezesha kadi kufanya kazi, toleo 535.129.03, iliwekwa na mtu mwingine kwa faili la `.run`, lile linalopakuliwa kwenye tovuti ya Nvidia, likaletwa kwenye flash. Mashine ikafanya kazi vizuri juu ya kerneli 6.2, kerneli ikiwa ni kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa vyote. Januari Ubuntu ikaleta kerneli 6.5 kama sasisho la kawaida. Kijana akaona kidirisha cha masasisho, bando lilikuwepo, akabonyeza kukubali. Mwishoni kikatokea kidirisha cha hitilafu, akakifunga kwa kuwa kila kitu kilikuwa bado kinafanya kazi. Ni kweli kilikuwa kinafanya kazi: kerneli mpya haishiki mpaka kompyuta iwashwe upya. Usiku ule umeme ukakatika, mashine ikazimika, asubuhi ikawaka na 6.5. Kwa hiyo umeme ulichofanya ni kuiwasha upya mashine ambayo ingewashwa upya siku yoyote ile.

Kijana hakukaa bure. Aliandika `nvidia-smi` kwenye terminali, ikamjibu kwamba imeshindwa kuwasiliana na draiva, na kwamba ahakikishe draiva ya karibuni zaidi imewekwa na inafanya kazi. Ujumbe huo umewapoteza wengi. Mtu akisoma "ya karibuni zaidi" anakwenda kupakua. Akapakua faili la tawi la 545, zaidi ya MB 300, akaingia kwenye skrini nyeusi ya Ctrl+Alt+F3, akaliendesha, likafa katikati. Akadhani faili limeharibika njiani, akalipakua tena. Likafa palepale. Bando likaisha, na hapo ndipo rafiki yake kwa simu alipomwambia kadi imekufa.

Nilipofika, bosi alikuwa ameshaulizia bei.

"Fundi, niambie ukweli tu. Nitume hela leo iwahi basi, au kuna namna?"

"Bosi, usitume kwanza. Hebu angalia waya wa skrini umechomekwa wapi."

Ulikuwa umechomekwa kwenye kadi. Ile picha mbaya tuliyokuwa tunailalamikia sote ilikuwa inatoka kwenye kadi inayosemwa kuwa imekufa. Kuna kadi zinazokufa nusu, sikatai, zinazotoa picha lakini zikipewa kazi zinaanguka. Hizo huacha dalili nyingine, mistari ya rangi, vitone, mashine kuganda. Hapa picha ilikuwa safi ila ndogo, pikseli 1024 kwa 768. Nikaandika `lspci -k`. Kadi ikatajwa kwa jina lake kamili. Chini yake, mahali ambapo huandikwa draiva inayotumika, hapakuwa na kitu. Zilitajwa tu moduli, yaani vipande vya draiva, zinazoweza kuihudumia, nouveau ikiwemo.

Swali likawa: kwa nini hata nouveau haikushika? Nouveau ni draiva huria ya kadi za Nvidia, iko ndani ya Linux tangu kerneli 2.6.33 ya mwaka 2010. Haina nguvu ya draiva ya kiwandani lakini skrini ingeijaza. Jibu ni kwamba faili la `.run` linapoweka draiva huandika pia amri ya kuizuia nouveau isipakiwe, kwenye folda la `/etc/modprobe.d`, ili zisigombanie kadi moja. Kwa hiyo kwenye 6.5 moduli ya Nvidia haikuwepo, na nouveau ilikuwa imefungiwa mlango. Kerneli ikabaki na picha ya kuanzia iliyoachiwa na UEFI, programu ya ndani ya ubao mama, wakati wa kuwaka. Ndiyo ile 1024 kwa 768.

Hatua iliyofuata haikuwa ya uchunguzi, ilikuwa ya biashara. Kulikuwa na video ya harusi ya Ujiji inasubiriwa, na familia inapiga simu. Nikaiwasha upya mashine, nikabonyeza Esc mapema ili GRUB, menyu ya kuchagua kerneli ya kuwashia, ijitokeze (kwenye mashine za BIOS ya zamani ni kushikilia Shift), nikaingia kwenye orodha ya kerneli nyingine, nikachagua 6.2.0-39. Skrini ikajaa. `nvidia-smi` ikatoa jedwali lake na jina la kadi na joto lake. Kijana akaanza kutoa video ya harusi saa hiyohiyo, na habari ya Kariakoo ikaishia hapo. Ubuntu haiifuti kerneli iliyotangulia inapoleta mpya, na wengi hawajui kwamba wanayo. Wapo hata wanaoshauri mtu afute "mafaili ya zamani" kwenye `/boot` mara tu mambo yanapoharibika. Huo ni ushauri wa kumnyang'anya mtu ngazi akiwa juu ya paa.

Video ilipokuwa inatoka, nikarudi kwenye chanzo.

`dkms status` ilionyesha mstari mmoja: nvidia 535.129.03 imejengwa kwa 6.2.0-39. Kwa 6.5.0-14 hakuna. Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotelea. Draiva ya Nvidia kwenye Linux ina sehemu mbili. Ya juu ni maktaba zinazotumiwa na programu kama Kdenlive. Hizo hazijali sana kerneli ni ipi. Ya chini ni moduli, kipande kinachoingia ndani ya kerneli yenyewe na kukaa humo. Waundaji wa Linux wanakataa kwa makusudi kuahidi kwamba mpangilio wa ndani wa kerneli utabaki vilevile toleo hadi toleo. Programu za kawaida wanazilinda sana zisivunjike, lakini moduli za nje ni juu ya mwenye moduli. Kwa hiyo moduli iliyojengwa kwa 6.2 haiingii 6.5 hata kama kadi ni ileile na draiva ni ileile. Lazima ijengwe upya, na anayeijenga ni DKMS: kerneli mpya ikiingia, inachukua msimbo wa moduli uliohifadhiwa `/usr/src`, inachukua heda za kerneli hiyo (mafaili yanayoeleza mpangilio wake wa ndani), inaita kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha.

Ujenzi ukishindwa, mambo ya kawaida ni machache. Heda hazipo: hapa zilikuwepo. `/boot` imejaa, `df -h` ikaonyesha nafasi ya kutosha. Secure Boot imewashwa na moduli haina sahihi inayotambulika. Amri ya `mokutil --sb-state` ikasema imezimwa, na hata hivyo Secure Boot haizuii ujenzi, inazuia upakiaji. Nikaacha kukisia, nikafungua `/var/log/apt/term.log`, ambamo apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, huandika yote iliyoyasema wakati wa kusasisha. Kile kidirisha alichokifunga kijana kilikuwemo humo neno kwa neno: ujenzi wa moduli kwa 6.5.0-14 umeshindwa, soma `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/nvidia/535.129.03/build`. Nikaisoma. Mstari wenyewe ni huu:

`cc: error: unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'`

Huo ndio ugonjwa wote. Kompaila inasema imepewa amri isiyoijua.

Amri hiyo inatoka wapi? Moduli ikijengwa, haijichagulii namna ya kujengwa. Inarithi amri zilezile zilizotumika kuijenga kerneli inayokwenda kuishi ndani yake. Kerneli 6.5 ya Ubuntu 22.04 ilijengwa kwa gcc 12. Toleo hilo la kompaila, lililotoka 2022, ndilo la kwanza la gcc kuijua amri hii, ambayo hulazimisha kila kigezo cha ndani ya fanksheni kianze na sifuri badala ya kubaki na takataka zilizokuwa kwenye kumbukumbu. Ni kinga nzuri ya usalama, kwani hitilafu nyingi za kerneli zimetokana na takataka za namna hiyo kuvuja. Lakini kompaila ya kawaida inayokuja na Ubuntu 22.04 ni gcc 11.4. Kerneli 6.2 iliyotangulia ilijengwa kwa gcc 11, ndiyo maana hakuna aliyewahi kukwama. 6.5 ilipokuja na amri mpya, DKMS ikamwita kompaila wa zamani, naye akagoma kwenye faili la kwanza.

Na hapo ndipo lile faili la 545 linapoeleweka. Kijana alikuwa anabadilisha draiva wakati draiva haikuwa na kosa. Angepakua toleo lolote, lingefia mahali palepale, kwa kuwa kilichopungua ni kompaila. Nilifungua `/var/log/nvidia-installer.log` kumwonyesha: kisakinishi kilikuwa kimeandika kwamba kerneli ilijengwa kwa gcc 12 na mashine ina gcc 11, kikafuatisha kosa lilelile. Bahati yake kilikufa kabla hakijaigusa draiva iliyokuwepo, vinginevyo hata 6.2 isingetuokoa.

Tiba ya papo kwa papo ni fupi. Vifurushi vyake ni makumi ya MB, si mamia:

`sudo apt install gcc-12`
`sudo update-alternatives --install /usr/bin/gcc gcc /usr/bin/gcc-12 12`
`sudo dkms install nvidia/535.129.03 -k 6.5.0-14-generic`

Moduli ikajengwa bila kelele. Video ya harusi ilipokamilika tukawasha mashine kwa 6.5, skrini ikajaa, NVENC ikafanya kazi. Chanzo kikawa kimethibitika, kwa sababu kitu kilichobadilishwa ni kimoja tu: kompaila.

Mafundi wengi wangefunga begi hapo. Mimi sikuridhika, na sababu yangu ni hii: kerneli ya aina waliyonayo, inayoitwa HWE, huhama mfululizo kila baada ya miezi kadhaa. Kwenye 22.04 ilipita 5.19, 6.2, 6.5, na baadaye mwaka uleule ikaja 6.8. Kila kuhama ni nafasi nyingine ya DKMS kugoma, na studio itakuwa na harusi nyingine mezani. HWE imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vipya: laptop iliyotoka mwaka huu, kadi ya Wi-Fi ambayo kerneli ya zamani haiijui. Toleo la desktop la Ubuntu huiweka bila kukuuliza. Mashine hii ina prosesa ya kizazi cha nne na kadi ya 2016. Haidai chochote kutoka kerneli mpya.

Nikapendekeza warudi kwenye kerneli ya msingi ya 22.04, yaani 5.15, ambayo inabaki 5.15 mpaka mwisho wa msaada wa kawaida wa toleo hilo, Aprili 2027, ikipokea marekebisho ya usalama na ya hitilafu tu.

Kijana hakufurahi. "Kaka, sasa tunarudi nyuma? Si kila mtu anasema mpya ndiyo nzuri?"

"Mdogo wangu, wewe unaediti harusi. Nitajie kitu kimoja ambacho 6.5 imekupa."

Alifikiri kwa haki kabisa, akasema labda usalama. Hapo ilibidi nimweleze kwamba 5.15 ya Ubuntu si ile ya siku ilipotoka. Matundu yanayogunduliwa leo huzibwa na humo pia, ndiyo maana namba ya nyuma ya toleo inaongezeka kila mara. Fundi mwenzangu mmoja ana njia yake: anaigandisha kerneli kwa `apt-mark hold` na kumaliza habari. Sikubaliani naye. Anazuia kuhama, sawa, lakini anazuia na viraka vya usalama pamoja nayo, na mashine ya studio inapokea flash za mji mzima.

Jambo la pili lilikuwa kuachana na faili la `.run`. Si baya lenyewe, ila linaweka mafaili nje ya ufahamu wa apt, kwa hiyo apt haijui kuna draiva na haiwezi kuitunza. Ubuntu ina kitu bora kwa watu wa namna hii, na kwa nini hakijulikani sana sielewi: moduli za Nvidia zilizokwishajengwa na kutiwa sahihi, zinazokuja sambamba na kila kerneli. Hakuna kompaila, hakuna DKMS, na hata Secure Boot ikiwashwa hazisumbui. Kerneli mpya ikija, moduli yake inakuja nayo.

Mpangilio wa kazi ndio wenye mitego, kwa hiyo nautaja kama ulivyofanyika. Kwanza `sudo nvidia-uninstall`, ili mafaili ya `.run` yaondoke. Ukiweka draiva ya apt juu ya ile ya `.run` utapata mchanganyiko wa maktaba ambao kuuondoa ni kazi ya siku nzima. Halafu:

`sudo apt install linux-generic linux-modules-nvidia-535-generic nvidia-driver-535`

Ukiweka `nvidia-driver-535` peke yake bila kile kifurushi cha moduli, apt itakuletea DKMS, na utakuwa umezunguka ukarudi ulipoanzia. Kuna pia vifurushi vyenye neno `open` mwishoni. Hivyo ni kwa kadi za kizazi cha Turing, cha 2018, kwenda juu. 1050 Ti ni Pascal, haimo.

Mtego wa mwisho ni GRUB. Yenyewe huchagua kerneli yenye namba kubwa, kwa hiyo hata 5.15 ikiwepo mashine itaendelea kuwaka na 6.5. Tukaingia 5.15 kwa mkono kupitia orodha, tukahakikisha `nvidia-smi` inajibu na Kdenlive inatoa video fupi ya majaribio, ndipo tukaondoa `linux-generic-hwe-22.04` na kerneli za 6.5 na 6.2. Kuziondoa kabla ya kuijaribu 5.15 ni kukata tawi ulilokalia, na nimeona mashine zilizokatwa hivyo.

Bosi aliuliza kama sasa anaweza kuacha masasisho yaendelee au ayazime. Yaendelee. Ila kijana amepewa desturi moja: kidirisha cha hitilafu kikitokea baada ya kusasisha, asikifunge kabla ya kukipiga picha kwa simu na kunitumia.

Kilichobaki ni umri wa kadi. Nvidia wametangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kuzihudumia kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, kwa hiyo siku studio itakapohama 22.04, ambayo lazima iwe kabla ya Aprili 2027, itabidi waende 24.04, ambayo kerneli yake ya msingi ni 6.8, na wasivuke draiva ya 580 hata kama orodha ya `ubuntu-drivers devices` itakuwa na namba kubwa zaidi. Bosi ameshaanza kuulizia kadi ya RTX ya mtumba. Nimemwambia apime kwanza pawa saplai.